Leso Chini ya Kiwiko

Baba ni kinyozi. Tangu mkono wake uliovunjika ufunguliwe plasta, alishindwa kugeuza kiganja kitazame juu, na bila hivyo kinyozi hanyoi kidevu cha mtu. Mama alikuwa akiwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini, naye angemponya. Lakini Mama tulikuwa tumemzika.

Nilimketisha Baba kwenye kiti cha wateja wake.

"Kunja kiwiko, Baba. Sasa geuza kiganja."

Akageuza vizuri mno, ila kiwiko kikapaa kama bawa la kuku.

"Hapo umezungusha bega, hukugeuza mkono."

"Kiganja kimefika juu au hakijafika? Daktari wa sebuleni wewe!"

Mama alisema kila mwendo wa kiungo una jina lake, na bega likibeba kazi ya mkono, mkono haponi. Nikachukua leso yake, nikaibana kati ya kiwiko cha Baba na ubavu. Ndivyo alivyowafanyia wagonjwa wajanja: leso ikianguka, umedanganya.

Baba aliitambua, akaacha utani. Aligeuza polepole, jasho likimtoka, na kiganja kikaishia nusu ya njia. Leso haikuanguka.

"Nusu tu," akasema.

"Nusu ya kweli. Tena."

Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Mama yako mtupu! Haya, ndevu za kwanza nitakazonyoa ni zako."

Siku hiyo niliacha kujinyoa, nikaziacha ndevu zimsubiri.