Wivu wa Karani

Mtaa mzima ulimwita Karani, kwa sababu tangu amalize shule alikuwa akiandika mauzo katika duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mwanamke wa kujituma, asiyejua umbea wala kijicho. Kijicho alikuja kukijua ukubwani, siku mdogo wake alipojiunga na chuo alichokuwa akisoma yeye.

Chuo chenyewe kilikuwa jengo la ghorofa moja nyuma ya kituo cha mafuta. Juu walisoma watu wa uhasibu na kodi. Chini, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, ilikuwa imeanzishwa kozi ya ushauri kwa waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Karani alikuwa mwaka wa mwisho wa uhasibu. Kila jioni alitoka dukani viatu vimejaa vumbi la saruji, akapanda ngazi, akakaa mbele kabisa na kupambana na mizania huku tumbo likinguruma.

Mdogo wake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina lake la mtaani lilikuwa Yumba, kwa ule mwendo wake wa kutoka kilabuni. Alikunywa mpaka akauza cherehani ya mama yao. Karani ndiye aliyekuwa akimkokota hadi nyumbani, akimvua viatu, akimfutia matapishi. Kisha Yumba akaacha pombe, na safari hii aliacha kweli. Alikaa nyumba ya matibabu, akarudi amekonda, mpole, na baada ya muda akasema anataka kusomea kuwasaidia wenzake.

"Mwanangu yuko chuo!" mama alimwambia kila jirani, kana kwamba yule mwingine alikuwa akienda huko kufagia.

Mwanzoni Karani alifurahi. Lakini furaha ilianza kuchacha kidogo kidogo. Jioni, mwalimu wa kodi akiwa anaeleza makato kwa sauti ya bomba linalovuja, kutoka chini zilipanda vicheko, halafu makofi.

"Huyo ni ndugu yako," jirani yake wa dawati alimnong'oneza. "Wanasema akisimulia maisha yake, hata mwalimu anatoa leso. Ana kipaji!"

"Kipaji cha kunywa," Karani alijibu, kisha akaona haya.

Matokeo ya mtihani wa kodi yalipotoka, Karani aliongoza darasa. Alitembea haraka kwenda nyumbani, karatasi mkononi, akamkuta mama anachambua mchele, Yumba kando yake.

"Vizuri, mwanangu," mama alisema bila kuinua macho. "Wewe hatuna wasiwasi na wewe." Kisha akamgeukia Yumba. "Hebu mweleze dada yako mwalimu alivyokusifia!"

Maneno yale yalimkwama Karani kama mwiba wa samaki kooni. Hatuna wasiwasi na wewe! Usiku hakulala. Aligundua kwamba alikuwa akiyakumbuka kwa hamu mabaya yote ya mdogo wake, kama mtu anayehesabu mali yake.

Wiki iliyofuata Yumba alimfuata dukani.

"Dada, mwalimu wetu anataka ndugu wa mraibu aje azungumze na darasa. Mama ataishia kulia tu. Njoo wewe."

"Nitakuja," Karani alisema, na moyoni akaongeza: sasa watamjua.

Akapiga pasi gauni lake la bluu, akaenda. Alisimama mbele ya wanafunzi wenzake Yumba, akaanza na cherehani. Wakatikisa vichwa. Habari hiyo walikwisha kuisikia kwa mwenyewe. Akasimulia vita vya kilabuni. Hivyo pia walivijua. Karani akaona anaishiwa, na nyongo ikampanda.

"Basi hili hajawaambia, kwa sababu hata yeye halijui," alisema. "Ndugu za mchumba wangu walikuja nyumbani kuleta posa. Huyu akaingia amelewa chakari, akamtukana mzee wao, akawaangukia pale pale mezani. Waliondoka, na hawakurudi. Kesho yake akaniuliza posa imekwendaje. Nikamwambia yule bwana amebadili mawazo, na mama nikamsihi anyamaze."

Yumba alikuwa ameinama kama aliyepigwa rungu la kisogo.

Mwalimu, mama wa makamo aliyezoea kusikia mengi, aliuliza taratibu, "Kwa nini ulimficha?"

"Angejua, angekunywa mpaka afe."

"Na leo je, kwa nini umemwambia?"

Karani alitaka kusema jambo la busara. Likatoka jingine.

"Kwa wivu! Nina wivu, mwalimu. Aliyeanguka akainuka, anashangiliwa. Mimi sikuanguka, na nisingeweza kuanguka, maana mikono yangu ilikuwa imemshika yeye. Mimi nani ananiona?"

Mlango ulibamizwa. Yumba alikuwa ametoka.

Hofu ilimshika Karani, ile hofu ya zamani aliyodhani ameizika. Alikimbia nje bila kuaga, akaenda moja kwa moja kilabuni, akachungulia meza kwa meza. Hayupo. Akarudi chuoni, akamkuta amekaa kwenye ngazi za ghorofani, wanafunzi wa uhasibu wakimpita.

"Nilidhani umekwenda kunywa," alisema huku akihema.

"Nilifika getini. Miguu ilitaka kwenda." Yumba alifuta macho kwa kiganja. "Mbona hukunipiga, dada? Miaka yote hiyo, hata kofi moja!"

"Ungeanguka, halafu nani angekubeba?"

Yumba alicheka huku akilia. "Sina cha kukulipa."

"Sikudai. Nilitaka ujue tu. Na nilitaka kukuumiza, nisikudanganye."

"Umefaulu. Si unafaulu kila kitu?"

Akajisogeza, akamwachia nafasi kwenye ngazi, na Karani akakaa.

Yumba ndiye aliyemwambia mama yote yaliyotokea darasani, hata habari ya wivu. Karani alitamani ardhi ipasuke. Jumapili mama aliondoa vyombo mezani, akavaa miwani, akamwita binti yake.

"Kaa hapa. Hiyo kodi unayosoma, nieleze."

"Utachoka, mama."

"Nimechoka lini kukusikiliza? Sijawahi hata kuanza."

Karani alieleza. Mama hakuelewa hata robo, alisinzia mara mbili na mara mbili akashtuka na kuuliza swali lisilohusiana. Yumba alipoingia na kutaka kusimulia ya darasani kwake, mama aliinua mkono.

"Ngoja kwanza, wewe. Dada yako hajamaliza."

Karani aliendelea kueleza, polepole kuliko ilivyohitajika.