Masofa Uani

Daktari aliniambia nitayarishe nyumba kabla ya kupasuliwa mgongo, nikirudi nisipande ngazi wala nisijikwae. Nikamwomba wifi yangu Najla, anayekaa mtaa wa pili hapa Mirdif na mwenye ufunguo wetu wa akiba, aje tusaidiane. Akasema hana nafasi. Basi mume wangu Khelef akahangaika peke yake: akakunja mazulia, akatoa masofa yote uani, akateremsha kitanda changu chumba cha chini.

Siku niliyotoka hospitali tulikuta viatu vimejaa mlangoni. Sebuleni wanawake wamekaa juu ya majamvi, juzuu mkononi, wananisomea hitima! Wameona masofa nje, kama tunavyoyatoa sisi Wazanzibari kukiwa na msiba. Wamempigia Khelef, simu kaizima. Khalas, nimeshakufa.

Nikabaki nimeegemea mkongojo wangu. Aliyekuwa akilia kuliko wote ni Najla, kasimama mlango wa jikoni kwangu na mwiko wa pilau. Aliponiona, mwiko ukamponyoka.

"Ghaliya! Tulidhani umekufa!"

"Yaani mpaka nife, Najla," nikamwambia, "ndiyo upate nafasi ya kuja?"