Jina la Nne Mgongoni mwa Jaketi

Rangi haikai juu ya ngozi. Ngozi hujikunja, rangi ikapasuka, na kilichofichwa chini yake kikaanza kuchungulia. Glenda alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale kijijini Harkby, maana kila mwaka, kabla mumewe hajaenda kuimba kwenye tamasha la mapanki wazee, wapenzi wa muziki ule wa kelele, huko pwani, kazi yake ilikuwa kulitandaza jaketi lake la ngozi juu ya meza ya jikoni na kulifunika upya, kwa rangi nyeusi, jina la mdogo wake mwenyewe.

Majina yalikuwa manne. Glenda ndiye aliyeyaandika kwa mkono wake, kwa rangi nyeupe, kwenye majaketi ya wote wanne, yamezunguka mgongoni kama watu wanaoota moto: Des, Alfie, Mick, Royston. Wakati huo walikuwa vijana, mchana wako chini ya ardhi wanachimba makaa ya mawe, jioni wako kwenye ukumbi wa wachimbaji wanapiga muziki wao. Kundi waliliita Vifusi, kwa kuwa vilima vya vifusi vya mgodi ndivyo walivyoamka wakiviona tangu utoto. Nyimbo zao zilikuwa fupi, za kupayuka, ukumbi mzima unaitikia. Des, mume wa Glenda, ndiye aliyeimba. Alfie Wragg alizipiga ngoma kana kwamba zimemkosea. Mick alikuwa na gitaa, na huyo alikufa mapema, kwa pikipiki. Royston, mdogo wake Glenda, alishika gitaa la besi.

Walinyoa pembeni, katikati wakaacha upanga wa nywele kama kishungi cha jogoo, na Glenda akausimamisha kwa sabuni na maji ya sukari, hata kiangazi nyigu wakawafuata njia nzima. Suruali waliziharibu kwa dawa ya madoa, majaketi wakayapiga njumu za chuma mabegani. Viatu vilikuwa vile vile vya mgodini, maana vingine hawakuwa navyo. Vijana wa mjini walinunua vya namna hiyo dukani ili wafanane nao, na Des alilicheka jambo hilo mpaka uzeeni. Mama yao Glenda na Royston alimtazama mwanawe mezani siku moja, akasema, "Mimi nilizaa mtu. Huyu kuku ametoka wapi?" Royston akawika, wakacheka hata chai ikamwagika.

Walitoa santuri moja tu, wamesimama mbele ya kilima cha vifusi na nyuso zao nyeusi za kutoka kazini. Kisha ukaja ule mgomo mkubwa.

Mwaka mzima wachimbaji waliweka zana chini ili migodi isifungwe. Vifusi waliimba kwenye mikutano, wakaimba kwenye jiko la pamoja watu walikopanga foleni ya supu. Baridi ilipokaza, mtoto wa Royston, kachanga kabisa, akashikwa na kifua. Kijiji cha makaa, na nyumba haina makaa. Royston akapanda lile basi lenye nyavu madirishani, lililowapeleka kazini waliovunja mgomo, akarudi mgodini, na barabara nzima ikamzomea, Des akiwa mbele.

Mtoto hakuiona masika. Mazikoni hakwenda mtu, na Glenda naye hakwenda. Des hakumkataza, alisimama tu mlangoni. Baadaye akamletea jaketi na kopo la rangi nyeusi. Royston akahama, na toka hapo jina lake halikutamkwa. Harkby mtu aliyevunja mgomo hasalimiwi. Akiingia mahali, watu humpa mgongo, na chuki hiyo wanawe huirithi kama nyumba.

Miaka ikapita, mgodi ukafungwa hata hivyo, na vumbi la makaa likamlia Des mapafu. Alipolazwa kitandani pale sebuleni, alimwambia mkewe anataka jaketi liwekwe juu ya jeneza lake. Na alipake kwanza, kama kila mwaka.

Glenda akaketi karibu naye. "Mwache Royston aje akuage. Mlikua mkila sahani moja."

Des alivuta pumzi kwa taabu. "Baba yangu alikufa hajalitaja jina lake. Alfie aliuza hadi kitanda cha mwanawe ili asivunje mgomo. Nikimsamehe mimi, wao nitawaambia nini?"

"Waambie umechoka."

"Nimechoka," akasema. "Lakini paka."

Alikufa majani yalipoanza kudondoka. Glenda alilifungua kopo, akakoroga, akalitazama lile jina lililokuwa likichungulia katika nyufa, akafunga kopo tena. Mume makaa yamemla. Mdogo wake yu hai. Akainua simu, akamwambia Royston siku ya mazishi, na kwamba safari hii hakupaka.

Siku hiyo wapenzi wote wa zamani wa Vifusi walijaa mbele ya nyumba, wazee wa vipara na matumbo ndani ya majaketi yasiyofungika tena. Wangembeba Des kwa miguu hadi kanisani, ni karibu. Alfie akaenda kuliweka jaketi vizuri juu ya jeneza, mkono ukasita.

"Shemeji, hili halijapakwa."

"Sipaki tena, Alfie."

Alfie akainua macho, ndipo akamwona Royston ng'ambo ya barabara, mzee mwembamba katika jaketi lake la ujanani. Wengine nao wakamwona, wakageuka mmoja mmoja wakampa mgongo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Alfie akasema polepole, "na sisi tulikivaa mgongoni. Leo unataka tukibebe mpaka kaburini? Paka, shemeji, au mtambeba nyinyi wawili."

Wabebaji wakaondoka penye jeneza. Hakuna aliyepandisha sauti. Glenda aliwatazama watu aliozeeka nao, akajua hawatarudi nyuma, maana hata yeye angekuwa wao asingerudi.

Royston akavuka nusu ya barabara, akasimama.

"Dada. Paka."

"Ni jina lako, Roy."

"Najua ni langu. Mimi wangu nilimzika peke yangu. Usimzike wako hivyo."

Glenda akaingia ndani, akatoka na kopo na brashi. Akainama juu ya jeneza la mumewe, akafunika herufi moja baada ya nyingine, mbele ya mwenye jina. Tone likaangukia mbao. Akalifuta kwa kidole. Alipomaliza, wanaume wakarudi, wakaweka mabega, wakainua. Rangi ilikuwa mbichi bado, ikimeta.

Mlangoni mwa kanisa Glenda aligeuka. Alitaraji kumwona Royston anawaangalia. Lakini Royston alikuwa amewageuzia mgongo yeye mwenyewe, kuwapunguzia wao kazi ya kumpa mgongo, na mgongoni mwake majina yote manne yalikuwa meupe kama siku Glenda alipoyaandika: Des, Alfie, Mick, na yeye. Hakufuta hata moja.

Alfie naye, chini ya mzigo, aliyaona. Midomo ilimcheza. Halafu mtu wa nyuma yake akasukuma kidogo, Alfie akainamisha kichwa, akaingia.