Jino la Mzee Nyangau

Mokeira alikuwa wa kumi na moja kwenye benchi la kliniki ya meno mjini Homa Bay, shavu la kulia limevimba, mkobani kopo la dawa ya viatu. Ndizi zake kule sokoni Sindo alikuwa amemwachia Kultum wa duka la nguo, mwanamke asiyejua kutofautisha ndizi ya kupika na ya kuivisha, ila ana moyo mzuri. Siku tisa gego lile lilikuwa halijamwacha alale.

Dirishani alikaa Cliff, karani mwenye muhuri na maneno machache. Alimwambia mashine ya picha za eksirei ipo, lakini imekufa tangu Februari. Anayetaka picha aende kliniki za kulipia. Asiyeweza ang'olewe hivyo hivyo. Mlango wa chumba cha picha ulikuwa wazi, na Mokeira akaiona hiyo mashine yenyewe. Ilikuwa imefunikwa shuka la maua kama mgonjwa aliyepata usingizi.

Hapo ndipo alipoikumbuka kliniki ya masista, kule kwao mlimani, alipompeleka babake akiwa msichana wa darasa la sita. Mashine yao ilikuwa nzee kuliko sista mwenyewe, ikivuma kama kinu cha posho. Sista aliziosha picha ndani ya kabati lenye giza, akazianika kwa vibanio vya nguo, kisha akaishika moja dirishani na kumwita Mokeira naye aone. Mzizi wa jino la baba ulikuwa umepinda kama ndoana. Sista hakulivuta. Alilikata vipande viwili, akatoa kila kipande kwa njia yake, taratibu, akiimba. Siku hizo mtu alitibiwa akaelezwa pia. Mokeira aliikumbuka hata harufu ya kile chumba, na roho ikamuuma kuliko jino.

Kwao jino likitoka hurushwa juu ya paa, nyumba ipokee, irudishe lililo zuri. La babake, Mzee Nyangau, halikurushwa. Sista alimwambia alitunze, awaonyeshe watoto wake, maana mizizi ya namna ile huweza kufuata ukoo. Mama alinung'unika miaka mingi kuhusu jino la mtu kukaa ndani, lakini mzee alilitia kwenye kopo la dawa aliyopaka viatu kila Ijumaa kabla ya Sabato, likakaa. Orina, kakake Mokeira, ndiye asiyesikia. Alikwenda kwa mng'oaji wa sokoni, mzizi ukakatikia ndani, taya likaoza. Walimzika mwezi wa Agosti.

Daktari Maroa, kijana Mkuria kutoka upande wa Migori, alikuwa ameshika sindano ya ganzi Mokeira alipoweka kopo juu ya meza na kulifungua.

"Daktari, tazama hii kwanza. Ni ya baba yangu."

Maroa aliweka sindano chini. Aliligeuza lile jino, akaunganisha vipande vyake kwa vidole.

"Jino la mzee si picha ya jino lako, mama," alisema. "Lako linaweza kuwa limenyooka kabisa. Lakini sijui, na nikivuta bila kujua linaweza kukatikia ndani. Tena hapo chini kuna mshipa, nikiugusa mdomo utakufa ganzi. Sing'oi."

Alimwandikia dawa ya kutuliza usaha, akamchorea mzizi uliopinda kwenye kijitabu chake cha matibabu, amwonyeshe yeyote atakayemtibu. Akamwambia homa ikipanda, au akishindwa kumeza, asingoje asubuhi.

Dirishani Cliff alimpa fomu atie sahihi. Visanduku vilikuwa viwili: Amehudumiwa, na Amekataa huduma. Kalamu ya Cliff ilikuwa tayari juu ya cha pili.

"Sijakataa," Mokeira alisema.

Cliff, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alimweleza kwa sauti ya chini kwamba wote huwekewa alama hapo. Fomu zikifika ofisini, wakubwa husoma kwamba wagonjwa wanakataa huduma, kwa hivyo mashine haina haraka.

Mokeira alichukua kalamu. Aliandika katikati ya karatasi, kwa mwandiko mkubwa wa darasa la sita: Nilikuja. Nilifungua mdomo. Picha haikuwepo.

"Mama, umeharibu fomu. Nitajaza ingine."

"Jaza. Lakini hiyo itakuwa sahihi yako."

Nje aliinua macho, akaliangalia bati la kliniki. Lilikuwa chini, angelifikia kwa mrusho mmoja, aiombe nyumba ile nayo irudishe kitu kizuri. Alilishika jino la babake kwa muda, shavu likimpwita. Kisha akalirudisha ndani ya kopo na kukaza kifuniko, maana nyumbani alikuwa na mabinti wawili.