Aliyemsikiliza Térence

Kila alasiri wanawake walikuwa wakikaa uani kwa Eliane, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wanachambua maharage na kusikiliza wezi. Ndivyo walivyokiita kile kipindi, "wezi", ingawa Aimable, kijana wa Mbarara aliyekitengeneza, alikuwa amekipa jina refu zaidi. Kilikuwa cha habari za kweli za matapeli: bwana harusi mwenye wake wanne katika miji minne, daktari wa meno asiyewahi kuingia darasani, mwanamke aliyezikwa na kuliliwa kisha akaonekana sokoni akichagua vitunguu. Eliane, Mkongo wa Kivu ya Kusini mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, alikuwa anakipakua asubuhi penye mtandao, halafu mchana anaiweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke kubwa.

Apollinarie alikipenda kuliko wote, ila hakupenda kusema. Alikuwa mjane wa Kirundi, mtu wa misa ya kila siku, na masikio yake yalikuwa hayapitwi na kitu. Mara nyingi alimkamata mwongo kabla hadithi haijafika katikati. "Sikilizeni, hajataja jina la mama yake hata mara moja," angesema, akitupa punje mbovu pembeni. Ikawa kweli. Wenzake wakampachika jina la polisi, naye akalikubali kimyakimya. Ilikuwa tamu, kukaa pale kwenye ungo wako, salama, ukiona mtego ambao mwenzako aliukanyaga. Wote walikuwa wanakaa upande wa mjanja. Aliyedanganywa hakuwa na mtu wa kukaa naye.

"Leo niko na mtu moja," Aimable alisema siku hiyo kutoka ndani ya sufuria. "Hii mtu ilikuwa padri miaka tatu. Na hapana padri."

Wanawake wakasogea.

Ilikuwa hadithi nzuri. Mtu huyo, Ladislas kwa jina lake la kweli, alikuwa amepika seminarini, akajifunza sala zote kwa kuzisikia dirishani. Akapata kanzu, akapata stola ya kuvaa shingoni, akaingia Uganda na kuanza kuzunguka. Alibariki nyumba, alizika, aliungamisha. Alikamatwa kwenye mazishi, pale padri wa kweli alipokuja akasimama karibu naye altareni na kumwona anainua kikombe kabla ya mkate. Akafungwa, sasa ametoka.

"Ee Mungu, alianza na divai," Eliane alisema, machozi ya kucheka yakimtoka. "Kiu ilimushinda. Na batu banamupikia kuku, banamupigia magoti, yeye anakula tu. Mama Inès, weye polisi yetu, huyu ungemukamata ku nini?"

Apollinarie, mama yake Inès, aliacha kuchambua. Ladislas mwenyewe alikuwa ameanza kusema, na sauti ile aliijua. Ilikuwa laini, yenye kuvuta mwisho wa maneno kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Miaka mitatu nyuma sauti hiyo ilikuwa imesema, "Amani iwe kwenu," mlangoni mwa wodi mjini Mbarara, na Apollinarie alikuwa amesimama. Térence, mumewe, alikuwa kitanda cha dirishani, ini limemwisha, macho ya manjano. Pale wodini hapakuwa na wa kusema Kirundi ila wao wawili. Padri mgeni akawasalimu kwa Kirundi cha milimani, kile cha wazee, akauliza wanatoka kilima gani, maana kwao mtu hujulikana kwa kilima chake. Apollinarie alimpima hata hivyo, maana ndiyo tabia yake. Alianzisha sala ya Malaika wa Bwana akaacha katikati, na mgeni akaiendeleza bila kujikwaa. Apollinarie akaridhika. Akambusu mkono.

Maana kulikuwa na jambo ambalo hata Inès, binti yao, hakuwa akilijua vizuri. Mwaka wa vita kwao, Térence angali kijana, alipotea nyumbani wiki nzima. Aliporudi aliosha nguo zake mwenyewe, mtoni, kitu ambacho mwanamume wa kwao hafanyi. Tangu wiki hiyo hakukaribia meza ya Bwana. Alikwenda kanisani kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma, na wengine waliposimama kukomunika yeye alitazama viatu vyake. Mapadri walimjia, akawapa kiti na maji, akawasindikiza. Apollinarie hakumwuliza. Alimwombea rozari moja kila jioni miaka yote ya ndoa yao.

Na siku ile, kwa yule mgeni mwenye Kirundi cha milimani, Térence alisema, "Na abaki." Apollinarie akatoka ili mumewe aungame. Alikaa ukutani nje muda wa kuimaliza rozari yake. Padri alipotoka alimwambia, "Mama, mume wako ametulia." Kesho yake alfajiri Térence akafa, na mkewe akamzika kwa huzuni yenye furaha ndani yake, kwa sababu alikuwa amejibiwa.

"Alhamisi," Aimable alikuwa anamalizia, "hii mtu atarudi. Atatuambia bagonjwa walimwambia nini. Mambo ya ndani kabisa. Hapana kosa."

"Mimi sikose hata nikiwa na malaria," Eliane alisema.

Apollinarie aliinua ungo wake. Maharage yalikuwa hayajaisha. Alisema kichwa kinamuuma, uongo wake wa kwanza uani pale, na hakuna aliyeusikia.

Hakwenda nyumbani, alikwenda parokiani. Padri Constantin alimsikiliza hadi mwisho. "Mungu hakudanganywa, mama," alisema. "Mumeo alitaka kutubu, na Mungu anaangalia kutaka kwa mtu. Usihangaike na roho yake."

"Na yule aliyeyasikia, Padri?"

"Naye anapaswa kunyamaza. Kila anayesikia maungamo, hata kwa bahati mbaya, anapaswa kunyamaza."

"Anapaswa," Apollinarie alisema.

Padri Constantin akamsindikiza hadi mlangoni.

Njiani kurudi alipita nyumbani kwa Inès bila kuingia. Binti alikuwa ameolewa kwa watu wema wa upande wa pili wa vita vile, watu ambao wao pia walikuwa na wiki yao ya mwaka ule, na makaburi yao. Nakivale walikaa pamoja, waliokimbia hawa na waliokimbia wale, walichota maji bomba moja na kuimba kwaya moja. Ilikuwa inawezekana kwa sababu wanaume kama Térence walifunga midomo. Apollinarie hakujua mumewe alifanya nini. Alichojua ni kwamba Alhamisi siri ile ingetoka ndani ya sufuria.

Asubuhi alipanda gari la kwanza kwenda Mbarara.

Aimable alikuwa na chumba nyuma ya duka la magodoro, kuta zake zimepigiliwa trei za mayai ili sauti isirudi. Alikuwa kijana mpole, akampa kiti chake mwenyewe.

"Keti, nyabo. Wewe nasikiliza program yetu?"

"Nasikiliza yote."

Uso wa kijana ukang'aa. "Batu ya camp ndiyo nasikiliza mingi sana. Mimi nashangaa. Wewe naonaje, kwa nini?"

Apollinarie alifikiri, maana swali lilikuwa la haki. "Kwa sababu sisi tulidanganywa na wakubwa kuliko hao, mwanangu, na hakuna aliyetuonyesha walifanyaje. Hawa wako wanaonyesha."

Kijana alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Apollinarie akamweleza kuwa padri yule alimwombea mgonjwa wake, na angependa kumwona. Hakusema zaidi. Aimable akamwelekeza: "Hii mtu iko Bwizibwera, nafanya kazi pale maziwa nakusanywa, uliza mtu ya kuosha madebe."

Alimkuta nyuma ya jengo, buti za mpira miguuni, amechutama katikati ya madebe na povu. Bila kanzu alikuwa mtu mfupi. Aliinua uso, akamtazama kwa muda, halafu akasimama na kupangusa mikono kwenye suruali.

"Mama wa kitanda cha dirishani," alisema kwa Kirundi.

Apollinarie alikuwa ameomba njia nzima asimkumbuke.

"Kwa nini ulifanya vile?" aliuliza. Si hilo lililomleta, lakini ndilo lililotoka.

Ladislas hakukwepa. "Jikoni miaka kumi nilipita watu wakanipita bila kuniona. Nilipovaa kanzu, niliingia chumbani wakasimama. Hata wewe ulisimama. Ukionja kitu hicho, mama, hutaki tena kurudi kwenye sufuria."

"Alhamisi utasema ya mume wangu?"

"Sitataja jina."

"Kwetu jina halihitajiki. Ukisema mgonjwa wa ini, wa kilima kile, watoto wa shule watajua."

Aligeuza debe, maji yakamwagika taratibu. "Kijana anataka kitu cha kambini. Anasema ndicho watu wanachopenda. Na mimi, sikufichi, tangu nitoke gerezani ni yeye peke yake aliyenipa kiti nikakaa na kusema, watu wakasikiliza." Kisha akamtazama. "Wewe hujui alichosema, sivyo? Unataka nikuambie? Mimi si padri. Sifungwi na kitu."

Apollinarie aliona dunia yote inakuwa kimya. Miaka yote ile ya kulala karibu na mgongo wa mtu. Nguo zile zilizooshwa mtoni. Jibu la yote lilikuwa hapa, nyuma ya jengo, kwa mtu mwenye povu viganjani, na ilikuwa inatosha yeye kukaa kimya ili limfikie. Akili yake ya kipolisi ilisimama kama mbwa anayesikia hatua.

"Nyamaza," alisema. "Hakukuambia wewe ili uniambie mimi."

Ladislas alishusha macho.

"Sema yangu," Apollinarie aliendelea. "Kijana anataka kitu cha kambini, mpe mimi. Mama mkimbizi aliyekubusu mkono. Aliyekupima kwa Malaika wa Bwana akajiona mwerevu. Aliyekupa kuku ambaye mgonjwa wake alishindwa kumla. Ongeza unavyotaka. Yeye mwache."

"Watakucheka."

"Na wacheke."

"Na nikikuahidi, ahadi yangu mimi utaiamini?"

"Siiamini," alisema Apollinarie. "Lakini sina mwingine wa kumwomba."

Alhamisi alikwenda kwa Eliane kabla ya wenzake. Angeweza kubaki nyumbani, lakini alitaka, kama litakuja, limkute amekaa wima. Wanawake walikusanyika, simu ikaingia kwenye sufuria.

Ladislas alifanya alivyoombwa. Alianza na mama mkimbizi. Akaeleza jinsi alivyosimama, jinsi alivyombusu mkono, akaongeza kwamba alimbusu na kiatu, jambo ambalo halikutokea. Akaigiza anavyoianza sala na kuikatiza, na jicho lake la kumwangalia padri pembeni, na jinsi alivyoridhika, kama mama mkwe aliyekagua nyumba akakosa vumbi. Alisimulia vizuri. Aliigiza hata jinsi kuku alivyofungwa kwenye kitenge. Uani watu wakaangua kicheko, mmoja akamwaga maharage yake, na Eliane alijipiga paja.

"Mama gani huyu mujinga hivi," alisema akihema. "Anamupima mwizi na sala, halafu anamupa kuku. Mama Inès, huyu mwenzako katika upolisi."

"Kweli," Apollinarie alisema. "Alijiamini."

Aliendelea kuchambua. Aibu ilimpanda shingoni, akaiacha ipande. Alikuwa amejiandaa kwa hiyo.

"Na mgonjwa?" Aimable aliuliza kutoka ndani ya sufuria. "Bibi nangoja nje, wewe nabaki na mgonjwa. Yeye nakwambia nini?"

Uani pakatulia. Hata Eliane aliacha kuhema. Apollinarie alishika ukingo wa ungo kwa mikono miwili.

Kiti cha Ladislas kikasikika kikisogea.

"Hakuniambia kitu," alisema. "Mgonjwa yule alikuwa amelala. Nilikaa pale nikamtazama analala, muda ukapita, nikatoka nikamwambia mama kuwa mume wake ametulia."

"Ah," Eliane alisema kwa masikitiko ya mtu aliyenyimwa nyama. "Bure kabisa."

Aimable akapita kwa mgonjwa mwingine wa mji mwingine, na kicheko kikarudi.

Basi siri ilikuwa imebaki. Inès angelala, mama mkwe wake angelala, kwaya ingeimba. Apollinarie alipaswa kushukuru, na alijaribu, midomo ikaanza sala kama ilivyozoea. Lakini yeye aliyesikia uongo wa kila mtu aliirudia sauti ile kichwani, alikuwa amelala, alikuwa amelala, akitafuta ndani yake mkunjo, mvuto, chochote. Kama ulikuwa uongo, basi mwizi alikuwa ameshika ahadi yake, na Térence aliungama, akafa mwepesi. Kama ilikuwa kweli, Térence alikwenda na mzigo wake wote, na yeye ukutani pale nje aliimaliza rozari kwa ajili ya usingizi wa mtu. Alikuwa anaomba uwe uongo. Hakuwahi katika maisha yake kuomba uongo.

Hakusikia chochote kwenye sauti ile. Ilikuwa laini mwanzo hadi mwisho.

"Mama Inès," Eliane alisema polepole, na hakuwa anacheka tena. "Unatupa mazima."

Apollinarie alitazama chini. Kando ya mguu wake palikuwa na rundo la maharage mazuri. Akainama akaanza kuyaokota, na Eliane, bila kuuliza neno, akainama akamsaidia.