Mbegu Aliyoachiwa Mama

Kazi yangu ni kuosha vyombo. Si sahani na sufuria. Ni vioo vya maabara, vile virija vyembamba ambavyo ukivikoholea tu vinapasuka. Nimeviosha miaka kumi na tisa kwenye taasisi inayochunguza mbegu, na kwa kuwa sinki langu liko karibu na mlango, hakuna anayepita bila kuniachia habari. Nani kaachwa, nani kapandishwa cheo, nani kaja na shati la jana. Shule niliishia darasa la sita, mengine nikamalizia sokoni, lakini ukinikalisha na hao wenye digrii nitakueleza kromosomu bila kigugumizi.

Aliyenifundisha ni Daktari, mama mmoja mfupi, mcheshi, ambaye wenzake humwita Hadubini kwa sababu jicho lake halitoki kwenye chombo hicho cha kukuzia vitu. Siku moja aliniita nichungulie. Nikaona vijiti vidogovidogo vimetawanyika kama kucha zilizokatwa.

"Hizo ndizo kromosomu za haragwe," akaniambia. "Ishirini na mbili. Haragwe lolote lile utakuta hizohizo."

"Hata la jela?"

"Hata la ikulu. Idadi haitofautiani, mama. Tofauti iko ndani yake, kwenye vinasaba. Mbegu za zamani zina vitu ambavyo hizi za kisasa hazina, na watu wanazila zinaisha. Ndiyo maana tunazisaka."

Wiki hiyohiyo likabandikwa tangazo: mwenye mbegu ya zamani ya ukoo alete. Ikishachunguzwa, itahifadhiwa kwenye chumba cha baridi, kwenye pakiti yenye jina la aliyeitunza. Nikasema haya sasa, mnyonge leo nami nimepata.

Maana kwetu kulikuwa na kopo. Kopo kubwa la maziwa ya unga, chini ya kitanda cha Mama, na ndani yake maharage mekundu yenye madoa meupe ya bibi yangu mzaa baba. Hadithi ya kopo hilo ukoo mzima tunaijua. Mwaka wa njaa, mimi nikiwa tumboni, Baba alikuwa ameshaondoka kutafuta vibarua mbali. Bibi na Shangazi wakamfuata. Mama akaachiwa nyumba, kopo, na binti wa Shangazi wa miaka minne, ambaye kwa uzuri wake walimwita Kidosho. Bibi akamwambia Mama, kuleni majani, kuleni mizizi, mbegu hii msiiguse. Kidosho akafa kwa homa. Mvua iliponyesha Bibi akarudi, akakuta kopo limejaa. Akalinyanyua mbele ya majirani, akasema, "Mkwe ndiye huyu!"

Tangu siku hiyo Mama na Shangazi hawakupikika chungu kimoja. Shangazi alihama, na hata akija kwa Baba hakuonja kitu ndani ya nyumba yetu. Sisi tulisema ni wivu: mbegu ya mama yake, sifa kapewa mke wa kaka. Mama naye hakuwahi kumpa mtu hata punje moja apande kwake. Nilipoolewa niliomba kiganja kimoja tu, akakataa.

"Mama, wewe ni mchoyo," nilimwambia.

"Ndiyo, mchoyo. Kula unyamaze."

Kwa hiyo nikaiba. Mama alikuwa ameshaanza kuvimba miguu, hatoki kitandani, nami nilikuwa nimemhamishia kwangu, yeye na kopo lake, katikati ya watoto wangu watano na wageni wasiohesabika. Alipopitiwa na usingizi wa mchana nikachota kiganja, nikafunga kwenye kitambaa, nikampelekea Daktari. Kisha, kama ujuavyo mdomo wangu, nikatangaza. Mtaa mzima ukajua jina la bibi yangu linaingia kwenye chumba cha baridi. Jirani yangu mshona nguo akauliza kama na picha ya Bibi itabandikwa.

Wiki ya tano Daktari akaniita, akafunga mlango. Huyu mwanamke hafungi mlango hata akigombana na mume wake kwenye simu. Nikajua kuna jambo.

"Mbegu hii mmekaa nayo miaka mingapi?" akauliza.

"Tangu ujana wa Bibi. Hata zaidi."

Akanigeuzia kompyuta. Mistari miwili ya rangi, mmoja juu ya mwingine, imefuatana kama pacha. "Wa juu ni wa kwenu. Wa chini ni mbegu iliyotengenezwa kwenye kituo cha utafiti, ikagawiwa na malori ya msaada mwaka ule wa njaa. Tumelinganisha sehemu elfu nne na zaidi. Hakuna hata moja inayopishana."

"Labda zilichanganyika."

"Zingechanganyika tungeona. Haragwe hujichavusha lenyewe, mtoto anatoka kama mzazi. Hapa hakuna dalili ya mbegu nyingine." Akanipa karatasi ya majibu, akanishika bega. "Pole. Mbegu ya bibi yako haimo humu. Kuna mtu aliibadilisha, tena mwaka uleule."

Nikarudi kwenye sinki, nikavunja virija vitatu.

Nyumbani nilimkuta Mama ameketi ameegemea mto. Nilipanga kunyamaza, nani ananijua mimi kwa kunyamaza? Nikamweleza yote, wizi wangu na mistari ya rangi. Nilitarajia matusi.

"Kwa hiyo sasa kuna mashine ya kusoma haya," akasema.

"Mama, ulifanya nini?"

"Niliyapika." Sauti yake haikutetereka. "Mtoto alianza kuvimba uso. Majani hayakukaa tumboni. Nikasema Mungu atanihukumu, na mama mkwe atanihukumu, lakini wa kwanza kunihukumu ni huyu anayenitazama. Nikampikia Kidosho kikombe kimoja kila siku. Siku sita, kopo likaisha. Mimi nilikunywa maji yake, kwa ajili yako wewe."

"Na bado akafa."

"Homa ilimkuta hana damu. Lakini hakufa na njaa. Tumbo lilikuwa limeshiba." Akapumua. "Lori lilipokuja nikapanga foleni. Nikaona yanafanana, madoa yaleyale, ila yamepakwa dawa ya rangi ya waridi. Niliyaosha mara tatu mpaka mikono ikababuka, nikayaanika, nikajaza kopo. Nilitaka nimwambie bibi yako taratibu, akipumzika. Yeye akalinyanyua mbele za watu, akanisifu. Ningesema nini tena? Mavuno ya kwanza alisema mwaka huu maharage magumu, akailaumu mvua."

"Na Shangazi?"

"Wifi yangu alilitazama lile kopo, akanitazama mimi. Alijua. Miaka yote hii ananitazama hivyo, anajua nilikula mbegu ya mama yake. Ndiyo maana sikumpa mtu hata punje, zisije zikamfikia, akazipika, akaona ugumu wake, akanishika uongo." Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Ukimwambia wifi, usinizike. Umenisikia? Mdomo wako huo, usinizike."

Nikaapa. Mama alifariki wiki tatu baadaye, asubuhi, nikiwa kazini.

Shangazi alifika siku ya maziko, kakonda, anatembelea fimbo, akasimama nyuma ya watu wote. Kesho yake nyumba yangu ilikuwa bado imejaa, watu hadi kwenye ngazi, yeye kaketi peke yake kwenye ua karibu na kamba ya nguo. Nikampelekea chai.

"Weka tu, mwanangu."

"Shangazi, amekufa. Huyo uliyekuwa unamsusia hayupo. Chai tu?"

"Sili nyumba hii."

Ulimi wangu ukachomoka. "Kwa sababu ya maharage? Miaka arobaini na moja, kwa ajili ya maharage?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. "Maharage? Nani kakwambia maharage?" Akaweka fimbo magotini. "Nilimwachia mwanangu. Nikarudi, mwanangu yuko chini ya udongo, na kopo la mbegu limejaa hadi mdomoni. Mama yangu anapiga vigelegele kwa ajili ya kopo. Mimi nikahesabu: kopo lile lingemlisha mtoto wiki nzima. Mama yako alimwangalia Kidosho anakufa njaa, chakula kipo chini ya kitanda, ili asifiwe. Ndiyo maana nilimtazama vile. Na mama yangu nilimchukia hivyohivyo, basi tu yeye ni mama."

Mama alidhani anajulikana kwa kuyapika. Huyu alimchukia kwa kutoyapika. Wakapishana milangoni maisha yao yote, kila mmoja na kopo lake kichwani.

Kiapo nilikuwa nacho kooni. Lakini Mama alisema usinizike, na mimi nilikuwa nimeshamzika.

"Shangazi," nikasema, "yale si maharage ya Bibi." Nikamweleza. Kituo, lori, dawa ya waridi, mistari miwili ya Daktari. Nikamwambia vipo vipimo, karatasi ninayo, si maneno ya mtoto anayemtetea mama yake. "Ya Bibi alipikiwa Kidosho. Yote. Siku sita."

Hakulia. Alishika ile fimbo kwa mikono miwili.

"Alikula?"

"Alikula."

"Alikula mwenyewe au alilishwa?"

"Sijui, Shangazi."

"Alikuwa hapendi maganda. Alimenyewa maganda?"

"Mama hakuniambia."

"Siku ya mwisho aliketi? Alikuwa anaongea?" Maswali yakaanza kumtoka haraka haraka, kama aliyeambiwa dirisha linafungwa. "Alipakatwa na nani? Aliambiwa nilikwenda wapi? Aliniulizia?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa habari ya mtu yeyote, nilikuwa nasema sijui, sijui, sijui, na ndani ya nyumba watu walikuwa wanaanza kuosha vikombe.