Shilingi Iliyo Juu ya Pauni

Dume la kondoo lilizungushwa mara mbili ndani ya uwanja wa mnada, miguu ikizama kwenye maranda, na kila lilipogeuka Enid Mounsey aliyaona mabega ya kundi la baba yake.

Wosia wa mzee ulikuwa wa ajabu: kondoo jike kwa Enid, madume kwa Wilf, ili ndugu hao walazimike kuzungumza. Hawakuzungumza miaka kumi na mmoja. Enid alikodi madume ya watu. Sasa Wilf alikuwa akiuza dume la mwisho la damu ile; likienda mbali, kazi ya mzee ya miaka hamsini imekwisha.

"Gini elfu moja na mia saba, kwa Mwalimu," dalali aliimba.

Enid alifundisha historia miaka thelathini. Alijua kwamba sarafu hiyo ilipewa jina la pwani ya Afrika ilikotoka dhahabu yake, pwani ile ile walikosombwa watu. Kwamba thamani yake iliyumba hadi ikawekwa kwenye shilingi ishirini na moja, yaani pauni moja na shilingi moja. Kwamba ilikoma kutengenezwa karne mbili zilizopita. Milimani huku ilibaki mdomoni tu: katika kila gini, pauni ya muuzaji, shilingi ya juu ya dalali. Kwake ulikuwa ufahari wa wafu. Mzee aliupenda.

"Mia nane," alisema Clem Tyson.

Clem aliuza kondoo wake wote mwezi wa nne. Tena kila alipotaja bei, alimtazama Wilf kwanza.

"Mwalimu? Utamwachia?"

"Mwachie," alisema Enid. "Atapata mwenza wa kulala naye."

Watu walicheka. Nyundo ikagonga. Kupitia Clem, Wilf alikuwa amejiuzia dume lake mwenyewe, na dalali alimdai shilingi kwa kila gini.

Wilf alimfuata Enid hadi kwenye tela lake, mvua ikinyesha, ameshika pembe la dume.

"Umefurahi?"

"Hesabu ni hesabu. Pauni tisini za dalali kwa kumchezea shere dada yako. Rahisi."

"Mchukue kwa elfu moja na mia tano."

"Pauni."

"Gini. Baba hakuuza dume kwa pauni hata siku moja."

"Baba alikufa, Wilf."

"Kwa hiyo unamkatia hata shilingi zake?"

Hapakuwa na dalali sasa. Shilingi ile haikuwa ya mtu yeyote. Enid alitoa kalamu. Aliandika hundi: pauni elfu moja na mia tano na sabini na tano, shilingi zote zikiwamo.

Wilf aliisoma, akaikunja. Kisha akatoa noti ya ishirini, fedha ya baraka ambayo muuzaji humrudishia mnunuzi, akainyoosha katikati ya kiganja. Haikuwezekana kuichukua bila kuushika mkono.

"Mpandishe kwanza," alisema Enid.

Wilf alilisukuma dume kwa goti, mkono mmoja kwenye pembe, mwingine bado umenyooshwa. Noti ililowa, ikagandamana na kiganja. Enid alifunga mlango wa tela, akakaza komeo, akalikaza tena.

Mkono ulikuwa bado pale.